Kifua Kisichotii Dawa: Ushahidi wa Damu katika Maradhi ya Mapafu

*Wapo wagonjwa wanaomaliza dozi ya kifua kikuu na kurudi kliniki wakitweta kuliko walivyoanza. Baadhi yao hawakuwa na kifua kikuu hata siku moja. Kinga ya miili yao ndiyo iliyowageukia.*

Mgonjwa huyu anajulikana katika kila kliniki ya kifua, pwani na bara, ijapokuwa jina lake hubadilika kila anapofika. Aghalabu ni mwanamke wa makamo, mwenye kikohozi kikavu kilichomwandama miezi mitatu au minne, ambaye pumzi humwishia hatua chache tu baada ya kujitwika ndoo ya maji, na ambaye uchovu wake jirani zake wamekwisha kuufasiri kuwa ni uvivu, na jamaa zake kuwa ni husuda ya watu.

Makohozi yake hupimwa, na mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010, husema kwamba vimelea havikuonekana. Picha ya eksirei huonyesha ukungu mweupe sehemu za chini za mapafu yote mawili. Maadamu kifua kikuu ndicho adui aliyezoeleka, na tabibu anayemwacha mgonjwa wa kifua kikuu aende zake bila dawa hubeba dhima kubwa, basi hupewa vidonge vya miezi sita. Naye huvimeza kwa utiifu wote, huvimaliza, na hurudi akiwa hoi kuliko siku ya kwanza.

Pengine hapo ndipo mtu mmoja, daktari kijana au muuguzi mkongwe, anapomshika mikono na kuitazama. Ngozi ya kando za vidole imekauka na kupasukapasuka, hali ambayo matabibu huiita mikono ya fundi makanika. Huulizwa kama vidole vyake hugeuka vyeupe penye baridi, na kama aweza kuinuka mkekani bila ya kujishika. Naye hujibu kwamba vidole vimekuwa hivyo mwaka mzima, na kwamba mapaja yamemlegea tangu kikohozi hakijaanza, ila hakuna aliyepata kumuuliza.

Maradhi yake huenda yakawa mojawapo ya kadhaa: skleroderma, ambayo huikaza ngozi, lupusi, baridi yabisi ya viungo, au yale yanayovimbisha misuli na kuidhoofisha. Yote ni ya ukoo mmoja, ukoo wa maradhi ya tishu unganishi, yaani zile nyuzi na tando zinazoshikamanisha ngozi, viungo, mishipa na mapafu. Na katika yote asili ya madhara ni kinga iliyoasi. Alama ya uasi huo huonekana katika damu: kingamwili ambazo, badala ya kuvishika vimelea, hushika sehemu za seli za mwenye mwili. Katika makala haya tutaziita kingamwili asi.

Swali lililo mbele yetu ni hili: je, kipimo cha kingamwili hizi kifanywe kwa kila mgonjwa wa kifua asiyepona, au kiwekewe mipaka? Mabingwa wenyewe hawajaafikiana, na kila upande una hoja isiyoweza kupuuzwa.

Itikadi iliyovunjika

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanachuoni wa Kijerumani Paul Ehrlich alifundisha kwamba mwili una hofu ya asili ya kujitia sumu wenyewe, na kwamba kwa ajili ya hofu hiyo hujizuia kugeuza silaha zake zikaelekea ndani. Waliomfuata walilishika fundisho hilo kwa ukali kuliko alivyokusudia mwenyewe, wakalifanya kuwa itikadi, na kwa karibu nusu karne mtu aliyedai kwamba kinga yaweza kumla mwenyewe alitazamwa kwa shaka.

Itikadi hiyo ilianza kutikisika mwaka 1948, pale Malcolm Hargraves na wenzake katika Mayo Clinic, Marekani, walipoona katika uboho wa wagonjwa wa lupusi seli zilizomeza viini vya seli nyingine. Mwaka 1957 Mmarekani mwingine, George Friou, alitumia rangi inayong'aa kudhihirisha kwamba damu ya wagonjwa hao ilikuwa na kingamwili zinazokishika kiini cha seli.

Katika njia hiyo ndimo kilimotoka kipimo cha kwanza kinachotumika hadi leo. Maji ya damu ya mgonjwa huzimuliwa, hudondoshwa juu ya kioo kilichotandazwa seli za binadamu, kisha hufuatishwa rangi. Na kama kingamwili asi zimo, viini vya seli hung'aa kijani chini ya hadubini. Seli zinazotumika, ziitwazo HEp-2, zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa zilitoka katika saratani ya koo, hata ilipobainika kwamba ni uzao wa seli za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, ambaye seli zake zilikwisha kuenea katika maabara za dunia nzima.

Mlango wa mapafu ulifunguka baadaye. Mwaka 1980 Masataka Nishikai na Morris Reichlin walitangaza kingamwili iliyopewa jina la Jo-1, kwa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa aliyekuwa na maradhi ya misuli pamoja na ya mapafu. Miaka mitatu baadaye Michael Mathews na Robert Bernstein walibaini shabaha yake: kimeng'enya kinachoipandisha histidini, mojawapo ya asidi zinazojenga protini, juu ya mchukuzi wake ndani ya seli. Ni kifaa cha kazi cha kila seli hai. Nacho ndicho kinga ilichokifanya adui.

Kila shahidi na habari yake

Tangu hapo orodha imerefuka, na faida yake ni kwamba kila kingamwili hushuhudia jambo lake, si jambo la mwenziwe. Katika skleroderma pekee, kingamwili ya Scl-70, iliyotangazwa mwaka 1979, ambayo hushika kimeng'enya kinachoufungua msokoto wa DNA, huashiria hatari ya makovu kutanda mapafuni. Ilhali ile ya sentromea, iliyotangazwa mwaka uliofuata, huashiria makovu machache, lakini huonya juu ya shinikizo kubwa la damu katika mshipa uendao mapafuni.

Jambo hili si dogo kwetu. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wagonjwa wa skleroderma wenye asili ya Afrika hupata kingamwili ya sentromea kwa nadra zaidi, na mapafu yao huathirika kwa ukali kuliko ya wenzao weupe. Na makovu ya mapafu, pamoja na shinikizo la mshipa huo, ndiyo yanayoongoza kwa kuwaua wagonjwa wa skleroderma.

Jo-1 nayo ina ndugu zake, kama vile PL-7 na PL-12, ambao kila mmoja hushika kimeng'enya cha asidi nyingine. Hao wawili ni wenye hila zaidi, kwa kuwa mara nyingine huyashambulia mapafu peke yake na kuiacha misuli na ngozi zikiwa salama, hata mgonjwa akaonekana kuwa wa kifua tu na si wa jambo lingine.

Iko pia MDA5. Ilitambuliwa Japani mwaka 2005 na Shinji Sato na wenzake, na mwaka 2009 ikabainika kwamba protini inayoshikwa nayo ni kile kitambuzi ambacho kwacho seli huijua RNA ya virusi. Mgonjwa wake hupata ukurutu usoni na vidonda vya viganja, misuli yake yaweza isiwe na dosari yoyote, na mapafu yake yaweza kufeli katika muda wa majuma au miezi michache. Hapa kuchelewa kwa mwezi mmoja kwaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya uhai na mauti.

*Kipimo cha kiini kinaweza kusema "hakuna", ilhali Jo-1 imo damuni, kwa sababu maskani ya shabaha yake hayako ndani ya kiini.*

Kuna mtego mmoja ambao daktari yeyote anayeagiza kipimo hiki hana budi kutanabahi nao. Kipimo cha kwanza hutazama kiini. Lakini vimeng'enya vinavyoshikwa na Jo-1 na ndugu zake viko katika ute unaokizunguka kiini. Kwa hiyo karatasi ya maabara yaweza kurudi ikiwa na jibu la kutuliza moyo, hali mgonjwa anayo maradhi kamili. Na mtu aliyeishia hapo amelifuta jina la mkosaji kabla ya kumhoji.

Wingu na mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima amepata kuona wingu zito likipita juu ya shamba lake lisidondoshe hata tone. Ndivyo ilivyo kwa kingamwili asi. Uchunguzi mashuhuri ulioongozwa na Eng Tan na kuchapishwa mwaka 1997 uliwapima watu wenye afya, ukakuta kwamba damu ikizimuliwa mara 40, karibu watu 32 katika kila 100 huonekana kuwa nazo. Ikizimuliwa mara 80, ni 13. Na ikizimuliwa mara 160, ni 5. Watu hao hawakuwa wagonjwa.

Kwa upande wa pili, wingu laweza kutangulia mvua kwa muda mrefu sana. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichukua damu iliyokuwa imehifadhiwa ya wanajeshi 130 ambao baadaye walipatikana na lupusi. Wakakuta kwamba 115 kati yao walikuwa na kingamwili asi angalau ya aina moja kabla ya kutambuliwa ugonjwa, na wengine miaka zaidi ya tisa kabla. Basi mwenye kipimo chanya leo aweza kuwa mzima wa maisha yake yote, na aweza kuwa mgonjwa wa kesho. Karatasi peke yake haisemi ni yupi.

Katika nchi zetu mambo yana utata zaidi, na hapa ndipo makala ya vitabu vya ugenini yanapotupungukia. Malaria, kwa jinsi inavyoichochea kinga bila mpango, huzalisha kingamwili asi za namna nyingi kwa watu wasio na maradhi ya tishu unganishi. Ukoma na kala-azar huleta kipimo chanya cha baridi yabisi. Kifua kikuu chenyewe, ambacho ndicho tunachotaka kukitenga, chaweza kuleta majibu chanya ya kingamwili za kiini, na hata ya kile kipimo cha CCP ambacho kwingine huaminiwa sana katika kuithibitisha baridi yabisi ya viungo.

Wala dawa haina salama. Isoniazidi, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huwafanya wengi wanaoitumia wapate kingamwili za kiini, na kwa wachache huleta lupusi ya dawa, ambayo hutoweka dawa ikiachwa. Hivyo mgonjwa aliyepimwa akiwa amemaliza miezi sita ya vidonge aweza kuwa na kipimo chanya kilichotokana na tiba, si na ugonjwa. Na tabibu asiyekumbuka hili atamhukumu kwa ushahidi ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuandaa.

Hoja za pande mbili

Kwa hayo yote, mabingwa wa baridi yabisi na maradhi ya viungo wamekuwa waangalifu. Mwaka 2013 chama chao cha Marekani kilitoa mambo matano ambayo madaktari na wagonjwa wanapaswa kuyahoji, na mojawapo lilikuwa hili: kingamwili za aina mojamoja zisipimwe kabla ya kipimo cha kiini kuwa chanya na daktari kuwa na shaka iliyotokana na dalili za mgonjwa. Hoja yao ni kwamba anayetupa wavu mpana huvua hofu nyingi kuliko maradhi. Na kwamba mtu mzima akibandikwa jina la lupusi kwa sababu ya karatasi, aweza kuishi na jina hilo, na hata na dawa zake, kwa miaka.

Mabingwa wa mapafu hawakatai, lakini wamesimama mahali pengine. Mwongozo wa vyama vinne vya kimataifa vya madaktari wa kifua, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza kwamba mgonjwa mpya mwenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo apimwe damu ili kuyatenga maradhi ya tishu unganishi. Na wengi wa walioutunga walisema kwamba wao hupima kingamwili za kiini, za baridi yabisi na za misuli. Hoja yao nayo iko wazi: pafu likisha kufanya kovu halirudi kuwa pafu, na ugonjwa unaoanzia mapafuni hauwezi kungojewa hadi uonekane mikononi.

Kati ya pande hizo mbili palizaliwa jaribio la upatanisho. Mwaka 2015 vyama vya madaktari wa kifua vya Ulaya na Marekani viliweka kundi la wagonjwa wenye makovu ya mapafu na baadhi ya alama za uasi wa kinga, wasiotimiza masharti ya ugonjwa wowote unaojulikana. Ili mtu aingie humo hana budi kuwa na alama katika mafungu mawili kati ya matatu: dalili za mwili, kingamwili za damu, na sura ya mapafu katika picha au tishu. Ni kundi lililowekwa kwa ajili ya utafiti, si kwa ajili ya tiba. Lakini katika kliniki mpaka huo husahaulika mara nyingi.

*Shahidi mmoja hatoshi. Sharti damu, mwili na picha ya mapafu zisemezane.*

Mwandishi huyu akizipima hoja hizo, huona kwamba pande mbili hazigombanii kitu kimoja. Wa viungo wanasema juu ya mtu aliyechoka na kuumwa mgongo, ambaye kumpima ovyo ni kumtia hofu. Wa kifua wanasema juu ya mtu ambaye mapafu yake tayari yameonekana kuharibika. Kwa huyu wa pili shaka imekwisha kuwapo, na picha ndiyo iliyoileta.

Je, malaria ilitukinga?

Ipo hoja ya tatu, isiyosikika sana Ulaya, nayo husemwa hapa petu: kwamba maradhi haya si ya Waafrika, basi ya nini kuyatafuta. Asili yake ni ya kitaalamu. Mwaka 1968 Brian Greenwood, tabibu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba lupusi na baridi yabisi ya viungo vilikuwa nadra mno miongoni mwa wagonjwa waliolazwa hospitalini Ibadan, akakisia kwamba maambukizi ya vimelea, hasa malaria, ndiyo yaliyoituliza kinga yao. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa ukoo unaopata ugonjwa kama lupusi walicheleweshewa maradhi hayo walipoambukizwa malaria ya panya.

Ilikuwa hoja nzuri, na haijafa. Lakini iko nyingine inayoikabili. Watu wenye asili ya Afrika waishio Marekani na Uingereza hupata lupusi kwa wingi kuliko weupe, na kwa ukali zaidi. Na palipopatikana Afrika kliniki za mabingwa wa maradhi haya, kama Nairobi, Lagos na Johannesburg, wagonjwa nao walionekana. Yawezekana malaria ilipunguza maradhi. Na yawezekana vilevile kwamba kilichopungua ni macho ya kuyaona. Hoja hizi mbili zaweza kuwa kweli pamoja, wala ya kwanza haitoi ruhusa ya kumpuuza mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari.

Vumbi la migodi

Kama kuna kundi la watu katika Afrika ambao kwao suala hili si la kitabuni, basi ni wachimbaji. Mwaka 1914 Byrom Bramwell wa Edinburgh aligundua kwamba skleroderma iliwaandama wachonga mawe. Mwaka 1953 Anthony Caplan alieleza uvimbe wa pekee katika mapafu ya wachimba makaa wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Na mwaka 1957 L. D. Erasmus aliandika juu ya skleroderma miongoni mwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, hata mseto wa skleroderma na vumbi la silika ukapewa jina lake.

Vumbi la silika likivutwa, seli walinzi za mapafu hulimeza, hushindwa kulisaga, hufa, na kumwaga yaliyomo ndani yake. Na kwa mtu mwenye maumbile yanayokubali, kinga iliyochochewa kwa namna hiyo mwaka hata mwaka huishia kuunda kingamwili dhidi ya vitu hivyo vilivyomwagika. Vumbi hilohilo huongeza pia hatari ya kifua kikuu. Mtu mmoja aweza basi kuwa na vyote vitatu: vumbi, kifua kikuu, na kinga iliyoasi.

Habari ya Witwatersrand yatuhusu, kwa kuwa kabla ya uhuru vijana wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodi, kwenda kuchimba dhahabu huko, na huenda wengi walirejea na kifua kilichoitwa kifua kikuu bila ya kuulizwa zaidi. Leo vumbi liko nyumbani. Huko Mererani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, uchorongaji mkavu wa miamba huwavutisha wachimbaji silika kila siku. Na Kibong'oto, hospitali ya Kilimanjaro iliyoanza mwaka 1926 kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu, sasa hushughulikia pia maradhi ya mapafu yatokanayo na kazi hiyo.

Kilicho hatarini

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kovu halifutiki, jina la ugonjwa litamfaa nini mgonjwa? Jibu limo katika dawa, nalo ni jibu la kutisha kidogo, kwa kuwa dawa inayomponya mmoja humwua mwingine.

Mwaka 2011 nchini Marekani ilisimamishwa kabla ya wakati wake sehemu ya jaribio ambayo ndani yake wagonjwa wa makovu ya mapafu yasiyo na chanzo kinachojulikana walipewa prednisoni pamoja na dawa mbili nyingine. Katika kundi la dawa walifariki 8. Katika kundi la vidonge visivyo na dawa alifariki 1. Prednisoni hiyohiyo ndiyo ambayo mgonjwa wa Jo-1 huianza mapema, pamoja na dawa nyingine za kuituliza kinga, na aghalabu pumzi yake hurudi.

Kwa skleroderma pia njia imefunguka. Jaribio lililoongozwa na Donald Tashkin na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba maikofenoleti ya miaka miwili huinufaisha pumzi sawa na saiklofosfamaidi ya mwaka mmoja, na mwili huivumilia zaidi. Mwaka 2019, katika wagonjwa 576, dawa iitwayo nintedanibu ilipunguza upotevu wa ujazo wa pumzi kutoka mililita 93 kwa mwaka hadi 52. Huko si kupona. Ni kupunguza mwendo wa ugonjwa, na kwa mwenye watoto wa kusomesha, miaka ya pumzi iliyookolewa ni mali.

Lakini upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Dawa zinazoituliza kinga ndizo zinazokiamsha kifua kikuu kilicholala, na katika nchi zenye kifua kikuu kingi, kumpa prednisoni mtu ambaye vimelea vimejificha kifuani mwake ni kuvifungulia mlango. Ndiyo maana hatuwalaumu madaktari wanaoanza na dawa za kifua kikuu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, zaidi ya theluthi moja ya waliosajiliwa duniani kuwa na kifua kikuu cha mapafu hawakuthibitishwa kwa kuonekana vimelea, na wengi wao walikuwa nacho kwa kweli na wakaokolewa. Lawama, kama ipo, ni ya kurudia dozi ileile kwa mtu ambaye vimelea havikuonekana mara ya kwanza, wala ya pili, na ambaye dawa hazikumfaa.

*Kosa haliko katika dozi ya kwanza. Liko katika dozi ya pili iliyotolewa bila swali jipya.*

Utaratibu unaowezekana

Kipimo cha kingamwili za kiini hupatikana katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Vile vya Jo-1, MDA5 na wenzao ni adimu zaidi, na mara nyingi sampuli haina budi kusafirishwa. Mabingwa wa maradhi haya nao ni wachache kupita kiasi. Kwa hiyo hatuwezi kudai kila mwenye kikohozi apimwe, wala haifai.

Linalowezekana ni kupanga hatua. Mgonjwa ambaye vimelea havikuonekana, na ambaye baada ya miezi miwili ya dawa hakupata nafuu, asipewe miezi mingine kabla ya kuulizwa maswali manne, ambayo hayagharimu senti: je, vidole hugeuka vyeupe kwa baridi, je, viungo vyavimba asubuhi, je, misuli ya mapaja na mabega imelegea, je, ngozi ya mikono au uso imebadilika? Kisha aulizwe kazi aliyopata kuifanya. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, au picha ya mapafu ikiwa si ya kifua kikuu, apelekwe kwenye CT skani na apimwe kingamwili. Na kama shaka ni ya misuli au ya mapafu, Jo-1 na ndugu zake wapimwe hata kama kipimo cha kiini kimerudi tupu.

Majibu yakirudi, yasomwe na mtu aliyemwona mgonjwa. Kipimo dhaifu kwa mtu asiye na dalili kiachwe kama kilivyo. Kipimo chenye nguvu kwa mtu ambaye mapafu yake yanaharibika kisingoje kikao kijacho.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikapitisha yake ya bima ya afya ya jamii mwaka huohuo. Wakati vitita vya huduma vinapopangwa na kupangwa upya, ombi letu kwa wanaovipanga ni kwamba kipimo hiki kiingizwe kwa mgonjwa aliyetimiza masharti tuliyoyataja, na wala si kwa kila mtu; kwa kuwa gharama yake, hata ikionekana kubwa, yapaswa kulinganishwa na miezi sita ya vidonge visivyohitajika na pafu lililokwisha kuharibika.

Nawe msomaji, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako amemaliza dawa za kifua kikuu na kifua hakikutulia, usiziache dawa kwa shauri la gazeti wala la jirani. Bali rudi kwa daktari, mwonyeshe mikono yako, mweleze kazi uliyofanya, na umuulize waziwazi kama vimelea vilipata kuonekana katika makohozi yako. Jibu la swali hilo ni haki yako.